Matundu Madogo na Mshono Mrefu

Maskati, Jumatano, baada ya sala ya alfajiri

Kwa dada yangu na mlezi wangu, Bi Rukia binti Hamad, Kengeja, Pemba.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Namhimidi Mwenyezi Mungu aliyenipa asubuhi ya leo mkono usiotetemeka nikaweza kukuandikia, na namsalia Mtume wake. Kisha nakuuliza hali yako, Dada, wala sikuulizi kwa ada tu. Umelalaje? Chakula kinapita? Maumivu ya ubavu wa kushoto yamepungua, au wayaficha kama ulivyoficha mengine? Mimi ni mzima, na uzima wangu ndio habari yenyewe ya barua hii, kwa hiyo nivumilie ikirefuka.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu tumeijaribu. Kila nikilifikia neno upasuaji, wewe husema, "Hemed, chukua simu yako, mjomba wako simsikii," ilhali dakika moja kabla ulikuwa wanisikia mpaka nikikohoa. Basi nimechukua kalamu. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu, zile tulizosomeshwa pamoja katika chuo cha Qur'ani, uisome mwenyewe chumbani kwako, asikusomee mwanao wala mjukuu. Yamo ndani maneno ya tumbo na ya yatokayo tumboni, na sipendi yapite kinywani mwa mtoto. Mke wa jirani yetu hapa anakuja Chake Chake kwa harusi ya ndugu yake. Yeye ndiye atakayemkabidhi Hemed bahasha hii ikiwa imefungwa.

Sasa nianze na furaha, maana imenijaa kifuani na sijui kuiweka kwa utaratibu.

Jana alasiri mwanao Hemed alinipigia kuniambia kuwa picha za tumbo lako zimesomwa. Ugonjwa uko pale pale ulipoanzia, kwenye utumbo mpana. Haujaingia kwenye ini, haujapanda mapafuni. Madaktari wa Dar es Salaam wanasema unakatika. Dada, wakati huo nilikuwa nimekaa na watoto ninaowasomesha Qur'ani hapa mtaani. Nilifunga msahafu, nikaubusu, nikawaambia waende kwao. Hawajapata hata siku moja kuona nikiwaachia kabla ya wakati, na msichana mmoja akaniuliza kwa upole, "Maalim, nani kafa?" Nikamwambia, "Hakufa mtu. Kuna mtu anaweza kupona." Nilisema hivyo nikiwa nimesimama mlangoni, viatu nimevaa kushoto kulia, na mwanangu Zainab akatoka jikoni kutazama baba yake ana nini.

Kisha Hemed akaniambia la pili, nalo likanishusha. Kwamba madaktari wamekueleza njia mbili za kuukata ugonjwa huo, ya matundu madogo na ya kulifungua tumbo, na wewe umezikataa zote mbili. Alinikariria maneno yako kama ulivyoyasema: "Tumbo langu limebeba watoto saba bila kuingiwa na kisu. Litakwenda kaburini zima." Na kwamba wiki ijayo anatakiwa awapelekee jibu, maana ugonjwa wa namna hii haungoji watu washauriane mpaka wachoke.

Nisikilize basi. Mwaka jana ulipoambiwa kwamba mimi, Nassor wako, nimelazwa kwa ajili ya tumbo, hukuambiwa tumbo la namna gani. Mimi ndiye niliyewakataza watu kukwambia. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, Dada. Ugonjwa huo huo ulio nao wewe, na upande huo huo wa kushoto. Ninayekuandikia nimepita mlango unaouogopa na nimetokea upande wa pili.

Daktari aliyenipasua ni mwanamke, anaitwa Thuraya. Amezaliwa hapa Maskati, lakini bibi yake alitoka Madungu, na Kiswahili alichomrithisha kimebaki na ladha ya Chake Chake. Siku ya kunieleza alivuta kiti, akakaa, hakusimama juu ya kichwa changu kama wafanyavyo wengine.

"Babu," akanambia, "ugonjwa huu twaukata kwa njia mbili. Ya zamani ni mshono mmoja mrefu, kuanzia juu ya kitovu mpaka chini, mikono ikaingia. Ya pili ni matundu madogo. Kwenye tundu moja naingiza kamera, kwenye mengine vyombo vyembamba. Nalijaza tumbo hewa nipate nafasi ya kufanya kazi, na natazama kwenye kioo."

"Kioo kama cha televisheni?"

"Mfano wake."

"Na mikono yako iko wapi?"

"Iko nje, imeshika vyombo."

"Mwanangu, mimi nikipapasa kitu mvunguni kwa mkono wangu mwenyewe sikioni. Wewe ukiwa nje utaona nini?"

"Naona zaidi, Babu. Kamera hukuza. Mshipa mwembamba kama uzi nauona kama kamba."

Unanijua, Dada. Mtu aliyesoma fiqhi hatoki kwenye kikao kabla ya kuuliza ipi ina nguvu katika kauli mbili. Nikamuuliza. Hakunipamba. Alisema kwamba katika kuung'oa ugonjwa wenyewe njia hizi zinakaribiana, na aliyepasuliwa na mjuzi kwa hii au kwa ile, matumaini yake ya miaka ijayo hayapishani sana. Tofauti kubwa, akasema, iko katika kuinuka.

"Kwa mtu wa umri wako sikiogopi kisu peke yake," akanambia. "Nakiogopa kitanda. Mzee akilala sana, mapafu hujaa, damu huganda miguuni, akili huyumba. Matundu huuma kidogo, kwa hiyo humwinua mtu mapema, na mara nyingi mwenye umri mkubwa ndiye anayefaidika zaidi."

"Basi kwa nini hamuwapasui wote kwa matundu?"

"Kwa sababu si kila tumbo hukubali. Ile hewa huulemea moyo dhaifu na kifua kibovu. Kazi yenyewe huchukua muda mrefu zaidi. Na penye makovu ya zamani, utumbo huwa umegandana. Nikianza kwa matundu nikaona hatari, nitalifungua tumbo papo hapo, na ukizinduka sitakuomba radhi."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimwamini. Aliyenificha upande mmoja wa jambo angenipa shaka katika upande wa pili.

Katika chumba changu alilazwa mzee mwenzangu, Shaaban, mzaliwa wa Msuka, kaskazini ya Pemba, aliyekuja huku kijana akaendesha magari ya maji mpaka akastaafu. Rika langu, ugonjwa wangu, na ulimi ambao hata ugonjwa haukuupunguza. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Kengeja, akasema, "Lo, watu wa kusini. Ndiyo maana wenda taratibu hata kufa." Yeye naye aliahidiwa matundu. Lakini ujanani kidole tumbo chake kiliwahi kupasuka, akafunguliwa tumbo, na makovu ya siku hizo yalikuwa yamebaki ndani. Mimi niliingia chumba cha upasuaji leo, yeye kesho yake. Kwangu matundu yalitosha. Kwake walianza kwa matundu wakakuta utumbo umeshikamana, na daktari akafanya alivyosema angefanya. Kwa hiyo, Dada, njia zote mbili nimeziona kwa macho yangu, vitanda viwili vinavyotazamana.

Mimi nilipozinduka nilitafuta maumivu tumboni nikayakuta begani. Nikadhani wamekosea mahali. Muuguzi akacheka, akasema ni ile hewa iliyobaki ndani, husukuma juu, itaondoka, na ikaondoka. Siku ya pili waliniketisha kitini. Nilisali kwanza kwa ishara, kisha nimekaa, na kabla ya Ijumaa kufika nilisimama kwenye msala, nikarukuu, nikashuka kusujudu taratibu, muuguzi nyuma yangu amekunjua mikono kama mtu anayengoja nazi idondoke. Paji langu la uso lilipogusa chini sikutaka kulinyanyua. Wao hupima nafuu kwa mambo yao, mimi niliipima kwa hilo.

Shaaban alizinduka na mshono mrefu na maumivu yaliyolingana nao. Akitaka kukohoa alikumbatia mto tumboni kwanza, akakunja uso, ndipo akakohoa. Siku mbili tatu za mwanzo akili yake ilikuwa ikitoka na kurudi. Mchana mmoja aliusalimia mti wa dripu, akauuliza habari za watoto wake, akakasirika haukujibu. Kijana wake alitoka nje kulia. Daktari akamwambia kuwa hayo huwapata wazee baada ya upasuaji, hupita, na yakapita. Lakini alisali kwa ishara muda mrefu kuliko mimi. Adhuhuri moja alinitazama nikijiandaa kushuka, akasema kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Nassor, ukishafika huko chini, nitaje."

Nilimtaja. Na bado namtaja.

Sasa nafika penye jambo ambalo ndilo lililonifanya nichague herufi hizi. Baada ya utumbo kukatwa na kuungwa, madaktari hawakupi chakula cha maana mpaka wajue umeamka. Na dalili yao ya kuamka kwa utumbo ni upepo. Kila asubuhi muuguzi mmoja wa Kihindi, Leena, mwema sana lakini sauti yake ni ya sokoni, alisimama mlangoni na kuniuliza, "Baba, upepo umetoka?" Aliuliza hivyo mbele ya wageni. Na wageni wangu, Dada, walikuwa wazee wa msikiti na watu niliowasomesha tangu wadogo, wamekaa kwa adabu, mikono magotini.

Nilijibu, "Alhamdulillahi kwa kila hali."

Leena akaandika "bado." Kesho yake akaja kuuliza daktari mwenyewe, naye nyuma yake ana wanafunzi wa udaktari. Nikajibu, "Mambo yote yako mikononi mwa Mungu." Daktari akawatazama wanafunzi wake, naye akaandika "bado." Uongo sikusema. Ukweli pia sikuusema. Utumbo wangu ulikuwa umekwisha kuamka, tena kwa juhudi, na kila ulipojulisha nilinyanyuka kimya kimya nikaenda kutawadha upya, nikarudi kitandani nikiwa tohara na mwenye heshima zangu.

Wao wakaingiwa na wasiwasi. Wakanizuilia chakula, wakarudisha dripu, wakanipeleka kupigwa picha. Daktari Thuraya alikaa tena kwenye kile kiti, safari hii uso umekunjamana, akaniambia kuwa kama utumbo haukuamka, huenda pale walipounga pana kasoro, na ikibidi atalifungua tumbo atazame. Mimi, niliyepona kwa matundu, nikawa karibu kuongezewa na mshono.

Na ng'ambo ya chumba Shaaban, mwenye mshono, asubuhi ile ile alipiga ukelele hadi ukumbini: "Sista, imepiga. Andika, isije ikasahauliwa." Akaletewa supu. Akawa anainywa kwa kijiko, ananitazama.

"Shehe Nassor," akasema, "n'na suala la fiqhi."

"Uliza."

"Mtu katawadha asubuhi. Hakulala, hakwenda haja. Punde katawadha tena. Punde tena. Huyo kumemtengua n'nini?"

Nikajifanya natafuta tasbihi chini ya mto.

"Maana miye nimelala hapa n'nakutazama. Kitasa cha choo hakijapoa tangu jua kutoka."

"Kuna kutawadha upya kwa ajili ya thawabu," nikamwambia, na kwa hakika kumo vitabuni.

"Thawabu." Akanywa kijiko kingine. "Basi hiyo thawabu yako kamwambie daktari, kabla hajakufungua kama miye akaanza kuitafuta ndani."

Dada, nimewasomesha watoto yanayotengua udhu tangu ndevu zangu nyeusi. Hili ni la mwanzo mwanzo kabisa katika mlango huo. Hulitamka kwa sauti wazi, na anayecheka humtoa nje. Nimewaambia mara ngapi kwamba katika elimu hakuna haya. Na mimi mwenyewe, siku ambayo roho yangu ilihitaji elimu hiyo, nilikuwa tayari kupasuliwa mara ya pili ili nisiitamke mbele ya watu.

Nikamwomba Leena amwite daktari na awatoe wageni. Alipokuja nikamwambia. Alishika ukingo wa kitanda, akainamisha uso kiganjani. Nilidhani analia.

"Tangu lini, Babu?"

"Tangu juzi."

"Juzi." Akapangusa macho, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mara nyingi?"

"Daktari, mimi ni mtu mzima."

"Nami ni daktari wako. Mara nyingi?"

"Za kutosha."

Kutoka ng'ambo Shaaban akasema, "Miye n'nayo hesabu, kama yatakiwa," kisha akakumbatia mto wake, maana kicheko kilimuuma vibaya.

Supu ilikuja kabla ya adhuhuri. Nilipewa na chingamu nitafune, kwamba nayo huutia utumbo moyo, na mimi niliyekuwa nikiwatemesha watoto darasani nikaitafuna mbele ya mkwe wangu bila kusema neno. Baada ya siku chache nikarudi nyumbani kwa Zainab. Shaaban alibaki nyuma yangu kwa muda, mshono ulitunga usaha kidogo upande wa chini ukahitaji kusafishwa kila siku. Kisha naye akatoka.

Maabara ilipima vipande vilivyokatwa kwetu sote wawili, na jibu lilikuwa moja: ugonjwa umetoka wote, kingo safi. Tunakwenda kupimwa kwa pamoja, na mpaka leo vipimo vyetu havijapishana. Tukitoka kusali magharibi twatembea naye mpaka kwenye duka la mkate na kurudi. Ukitutazama kwa nyuma huwezi kujua nani ni wa matundu na nani ni wa mshono, ila yeye akipanda ngazi hushika tumbo, kwa mazoea zaidi kuliko kwa maumivu.

Kwa hiyo sikwambii kwamba matundu ndiyo haki na mshono ni makosa. Nakwambia kuwa zote mbili ni njia, na kwamba watu wa umri wetu, tumbo na kifua vikikubali, matundu hutuinua upesi na kwa mateso machache. Yasipokubali, mshono nao hufikisha.

Hemed ameniambia swali lako: tundu dogo litatoaje kitu kikubwa, si watalikata nusu na kuliacha nusu? Ni swali zuri, na nililiuliza mimi pia. Kile kipande hukatwa huko ndani kikiwa kizima, kikatiwa kwenye mfuko, na mfuko ukatolewa kwa mpasuo mmoja mfupi chini ya kitovu, ambao kwangu sasa ni alama ya urefu wa kidole. Lakini wewe hukuhitaji kuuliza. Siku za Idi ulipokuwa ukimpika samaki wa kujaza, hukumpasua tumbo. Ulimtoa matumbo kwa mashavuni, akabaki mzima sahanini, na wageni wakauliza umeingilia wapi. Na samaki wa kukaanga ulimpasua wazi. Ni wewe uliyekuwa ukituambia jikoni kwamba vyovyote atakavyotengenezwa, ndani asibaki na kitu.

Umesema kizee hapasuliwi, huachiwa. Daktari Thuraya niliyemsomea habari zako jana alisema hatazami umri peke yake. Hutazama mtu anakwenda, anakula, anapumua vipi. Na Hemed anasema juzi tu ulipanda lile gari la abiria kwa ngazi ya nyuma ukaukataa mkono wa utingo, na kapu la ndizi kichwani. Mtu wa namna hiyo haachiwi.

Umesema hakuna mwanamume atakayekuona. Dharura ina hukumu yake, wewe waijua kama niijuavyo mimi, na tiba ni dharura. Lakini pia waweza kuomba, na madaktari wanawake wapo. Mwili hufunikwa wote kwa nguo za kijani, huachwa wazi pale tu panapofanyiwa kazi. Salma, mke wa Hemed, atakuwa nawe mpaka mlangoni na atakuwa wa kwanza kukuona utokapo.

Nimebakiwa na moja, na naliandika kwa unyenyekevu kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu. Hemed amegundua kwamba ulikuwa ukiona damu tangu kabla ya Ramadhani. Ukawa waamka kabla ya watu, wafua nguo zako mwenyewe, waanika nyuma ya nyumba chini ya khanga nyingine. Mkweo alidhani ni usafi wako wa kawaida. Sikulaumu, Dada. Nitakulaumuje mimi? Tumelelewa nyumba moja, na katika nyumba ile tulifunzwa kwamba mambo ya tumboni humalizika chooni. Kuona haya ni katika imani, na Mungu akulipe kwa haya zako. Ila yangu ilikaribia kunirudisha kwenye kisu, na yako imeupa ugonjwa miezi ambayo haukustahili. Yatosha. Kwa tabibu tuitoe, kisha tukimaliza tuirudishe mahali pake.

Kwa hiyo nakuomba. Hemed akija kukuuliza, mwambie ndiyo. Mkifika Dar es Salaam waeleze kila kitu, hata wasichokuuliza, na hasa ile pumu yako inayokushika majira ya kaskazi, maana juu ya kifua ndipo hukumu ya matundu au mshono itakapokaa. Wakisema matundu, shukuru. Wakisema mshono, shukuru. Na wakianza kwa hili wakamaliza kwa lile, shukuru na usiwagombeze. Shaaban ameniambia nikuandikie kuwa mshono unawasha lakini hauli mtu, na kwamba asubuhi wakikuuliza lile swali, jibu kwa sauti.

Nimemwambia Zainab anikatie tikiti ya Dar es Salaam. Sikungoja jibu lako, niliona nikilingoja nitakuwa nimekuonesha mlango wa kukataa. Nitakaa nje ya chumba hicho na msahafu wangu mpaka watakapokutoa, na ukifumbua macho utanikuta. Ukiusalimia mti wa dripu nitaitikia mimi kwa niaba yake.

Nisalimie Hemed, mpwa wangu, na umwambie asikasirike kwamba bahasha aliipokea ikiwa imefungwa. Nisalimie Salma mkweo, na wajukuu mmoja mmoja, na yule mdogo aliyehitimu juzuu ya Amma mwambie zawadi yake nitaileta kwa mkono wangu. Nisalimie imamu wa msikiti wetu na umwombe atuweke katika dua ya Ijumaa, wewe na mimi na mzee mmoja wa Msuka asiyemjua. Nisalimie na jirani yako Bi Mgeni, aliyekuwa akikuletea uji bila kuulizwa. Zainab anakubusu mikono, na mumewe pia.

Dada, waliokuwa mbele yangu katika nyumba ya Mzee Hamad wamekwisha wote, umebaki wewe. Ukiondoka, mkubwa nitakuwa mimi. Watu watanijia kuuliza nani ni nani katika ukoo, nani aliahidiwa nini, shamba lipi lilikuwa la nani, na kila mara nitageuka nikuulize wewe. Sijajiweka tayari kwa ukubwa huo. Usinipe sasa, ilhali dawa ipo.

Mdogo wako, uliyemfunga kilemba chake cha kwanza,

Nassor bin Hamad